Chakula Kisichotiwa Chumvi

Jioni ile niliwashusha hotelini wageni wangu, watalii niliowatembeza, nikapita kwa dada yangu Eutrice kuchukua sahani ya mama.

Mama alikuwa amekufa mwaka uliopita. Kesho yake tungemwekea jiwe la kaburi, na kama ilivyo kwetu kisiwani Carriacou, usiku wa kuamkia siku hiyo chakula chake kingelala mezani chini ya kitambaa cheupe. Jogoo, matonge ya wali, ugali, vyote bila chumvi. Wafu hawali chumvi. Na hakionji mtu yeyote mpaka mwenyewe awe amekula.

Tuliharakisha kwa sababu ya binti yangu Lystra. Alikuwa na mimba ya miezi saba na hakuwa anakula chochote. Kila akisinzia alimwona bibi yake mlangoni akiomba chakula. Akiamka, hata maji yalirudi. Daktari alipima, hakuona ugonjwa. Alisema tu kwamba akiendelea hivyo, mtoto hatafika siku zake.

"Nenda moja kwa moja nyumbani," Eutrice aliniambia akifunga bakuli la chakula kwa kitambaa. "Usisimame kusalimia kila kanisa."

"Kanisa njiani liko moja tu, Eutrice."

"Na wewe utalisalimia mara tatu. Mama ana njaa, Ianthe, hataki mahubiri."

Alicheka. Mimi sikuweza. Tangu mazishi nilikuwa sijacheka wala kulia. Nilifanya kazi, nilisali, niliitikia amina, lakini ndani nilikuwa kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi.

Njia ya nyumbani inapita chini ya kinu cha upepo, gofu la shamba la miwa la zamani. Mchana nilikuwa nimewatembeza wageni pale. Niliwaonyesha masufuria ya kuchemshia sukari, kisha uwanja wa nyuma walikofukiwa watumwa bila jiwe wala jina.

Mwanamke mzee alisimama kando ya ukuta wa kinu.

Akanipungia mkono.

Sikushtuka. Nilijua kosa langu: wakati wa kuondoka sikuwa nimewahesabu wageni.

"Umeniacha," alisema akipanda.

"Nisamehe, mama. Nilidhani wote mmepanda."

"Sisi huwa hatuhesabiwi."

Akakaa kiti cha nyuma, karibu na bakuli, nami nikageuza gari kurudi hotelini. Gari likajaa harufu... ya sukari inayoungua. Pale miwa haijalimwa tangu kabla ya kuzaliwa bibi yangu. Nikashusha kioo. Harufu haikutoka.

"Nina njaa," alinong'ona.

"Hotelini watakupa."

"Humu mna jogoo."

"Ana mwenyewe huyo. Halafu hana chumvi, hutampenda."

"Ndivyo ninavyokula."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimamisha gari na kumtaja Mungu. Sikufanya hivyo. Kwetu, penye sadaka mwenye njaa hafukuzwi, nami nikajificha nyuma ya maneno hayo nikajiona Mkristo mwema. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na sikutaka kubishana.

"Chukua bawa moja," nilisema.

Nikasikia kitambaa kikifunguliwa.

Mfupa ukavunjika... taratibu.



Hotelini niligeuka kumfungulia mlango. Kiti kilikuwa kitupu. Bakuli lilikuwa limefungwa vizuri; nilipolifungua, limepungua bawa moja tu.

Msichana wa mapokezi alisema wageni wangu wote wako mezani. "Unatuletea na wa ziada, Tanti? Vitanda vimejaa," alinitania. Tanti ni shangazi, ndivyo vijana wa kwetu humwita mwanamke mzima.

Kwetu ukirudi giza limeingia, unaingia ndani kinyumenyume ili kilichokufuata kibaki nje. Mimi nilikuwa na bakuli mikononi na kichwa hakikuwa changu. Niliusukuma mlango kwa bega, nikaingia uso mbele.

Sikumwambia mtu. Nilipanga sahani, nikageuza jogoo ili pengo lisionekane. Nikawasha mshumaa, nikasali.

Asubuhi Eutrice alifunua kitambaa. Chakula kilikuwa vilevile. Kabla hajasema neno, Lystra alitoka chumbani akaomba kula.

"Umeona?" Eutrice alilia kwa furaha. "Mama amepokea."

Akampa samaki kutoka sufuria kubwa ya watu wa sherehe. Lystra alitema.

"Tanti, mbona chumvi hivi?"

Kisha akavuta sahani ya mama, akaketi kwenye kiti cha mama, akala kwa mikono miwili mpaka mifupa. Eutrice alikuwa ameshatoka kuwapokea wapiga ngoma wa sherehe ya jiwe.

"Bibi yako bado unamwota?" nilimuuliza.

"Hanisumbui tena. Yuko nje ya mlango, analia. Anasema kiti chake kina mtu." Akafuta mdomo. "Mama, nani anaunguza sukari?"

Mtoto alizaliwa mzima, namshukuru Mungu. Eutrice husema ni kazi ya mama, na mimi huitikia amina.

Kila jioni napika sufuria mbili, yetu yenye chumvi na ya Lystra isiyo nayo. Kisha naweka sahani moja nje ya mlango, bila chumvi, nafunika kwa kitambaa cheupe, namwita mama kwa jina lake.

Asubuhi naikuta kama nilivyoiacha.