Lililomkalia Fundi Kifuani

Kwanza zilipotea sauti. Cherehani ilikuwa inakwenda, sindano inapanda na kushuka, lakini fundi hakusikia kitu. Akamgeukia wifi yake, aliyekuwa akitia vifungo kwenye meza ya pili.

"Wifi, unasikia?"

Aliona mdomo ukijibu, neno halikumfikia.

Ndipo vidole vikafa ganzi, moyo ukaanza kwenda mbio, na kitu kizito kikamkalia kifuani, kikamkaba pumzi, kikamwaminisha kwamba hatoki chumbani humo mzima, akaporomoka juu ya rundo la sare za shule huku mchana ukiwaka dirishani na watu wakipita nje wakicheka.

Baada ya dakika kumi kikamwachia. Wiki ile kikarudi mara tatu.

"Shoga, hilo jini," mkata vitambaa alimnong'oneza. "Tena la kutumwa. Chunga unachokula."

Fundi hakuuliza limetumwa na nani. Tangu azikwe mumewe, wifi alimsemesha kwa shida. Fundi akaacha kula naye.

Mganga, mama mnene mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Lilianza lini?"

"Baada ya msiba."

"Mwanangu, majini nayajua. Hili si langu. Nenda hospitali."

Huko walimpima, moyo ukaonekana mzima.

"Ni shambulio la hofu," daktari alimwambia. "Linatisha, ila linapita. Likija usipigane nalo. Toa pumzi taratibu, kama unapuliza chai ya moto. Taja unavyoviona. Na kila Jumanne uje tuzungumze."

Jumatatu likaja. Fundi akapuliza. "Mkasi. Uzi. Pasi." Likakaa, likalegea, likaondoka.

Alipoinua macho, wifi alikuwa ameshikilia fremu ya mlango, jasho linamtiririka.

"Lako umelitoaje?" alinong'ona. "Langu haliniachi. Tangu kaka afe. Nilijua wewe ndiye uliyenitumia."

"Mimi?" Fundi aliinuka. Akamvutia kiti. "Kaa. Puliza na mimi."

Jumanne walikwenda wote wawili. Kwenye benchi la hospitali waliacha nafasi katikati yao, pale ambapo marehemu angeketi, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Mgonjwa mmoja akaja, akataka kuketi hapo.

"Pana mtu," walisema kwa pamoja.