Furaha Yenye Meno

Asubuhi ile kliniki ya meno ilifurika. Benchi zilijaa watu walioshika mashavu, mtoto mmoja alilia kabla hajaguswa, na mpokezi, msichana mwenye kucha nyekundu na ulimi mkali kuliko sindano zote za humo ndani, aligombana na mzee aliyeruka foleni. Jino likiuma halina adabu.

"Daktari," mpokezi alichungulia mlangoni, "kuna mwanamume anataka kung'olewa meno."

"Mangapi?"

"Yote."

"Yameoza?"

"Yanang'aa kuliko yangu. Nimemwambia hapa si machinjioni, hasikii."

Daktari akacheka ndani ya barakoa, akasema aingie. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono myepesi na sifa ya kutoolewa, maana watu wakikosa la kumsema mtu humsemea pete. Koti la kijani, kofia ya kijani, miwani mikubwa ya plastiki. Mgonjwa hakuona kwake zaidi ya nyusi.

Aliyeingia alikuwa mrefu, amekonda, amevaa koti zito lenye harufu ya katoni zilizolowa ilhali nje jua lilikuwa linachoma. Hakusalimu. Akajilaza kwenye kiti, akafunga macho, akapanua kinywa.

Daktari akainama na kioo chake kidogo. Akaona mwanya katikati ya meno mawili ya juu. Akaona chini kushoto jino lililomwegemea mwenzake kama mlevi na rafiki yake. Kioo kikagonga chonge. Sura za watu hubadilika, lakini kinywa kile alikijua. Alikibusu mara ya kwanza nyuma ya duka la vitabu, enzi akisomea uhasibu na kuuchukia, kabla hajahamia udaktari, wakati mwenye kinywa akiitwa Kicheko na mtaa mzima kwa sababu hapakuwa na jambo lisilomchekesha.

"Meno yako ni mazima," alisema, sauti ameifanya nzito. "Mazima mimi siyang'oi. Unayatolea nini?"

"Kuna mtu nataka kurudi kwake. Sitaki kwenda na meno."

"Alikukataa kwa ajili ya meno?"

"Hajui chochote. Nilimwacha siku ya posa, wazee wangu wakiwa njiani kwenda kwao."

Daktari alikusudia kunyamaza. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Alikaa sebuleni na gauni la zambarau mpaka maua yakanyauka mezani. Hilo ulilijua?"

Mwanamume akafumbua macho. Daktari akavua miwani, akashusha barakoa.

"Kipusa," akasema yule.

Na uso wake ukafunguka. Furaha ilimpanda kutoka kifuani mpaka machoni, wazi kabisa, na hapohapo vidole vikakaza kwenye kiti na ngozi ya kiti ikapasuka mpaka sponji ya njano ikatokeza. Shingo ilimvimba. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu.

"Usinisogelee! Niambie kitu kibaya!"

"Kitu gani?"

"Kibaya! Haraka, nakuomba!"

Lililomjia Daktari mdomoni lilikuwa la kweli. "Baba amefariki. Mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka. Mpaka mwisho alikuwa anakuulizia."

Kicheko akajikunja kama aliyepigwa tumboni. Baba yule alikuwa akimwita mwanangu. Akalia, na kadiri alivyolia vidole vikarudi kuwa vidole na shingo ikapungua. Kisha akanyanyuka, akapita katikati ya wagonjwa, akatoka mbio.

Haikupita nusu saa mpokezi akaleta simu ya ofisi, nyusi zimepanda. "Yule wa meno yote."

"Uko wapi?" Daktari aliuliza.

"Ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha mafuta. Kwa mbali hivi naweza kukusikia bila kufurahi sana."

"Miaka kumi na mitatu, Kicheko! Hata salamu! Mwanaume mzima huna haya!"

"Nitukane. Inasaidia."

"Mjinga wewe. Mwongo. Ulikwenda kuoa."

"Sijaoa. Nani atakaa na mimi? Kipusa, sikiliza. Kwetu kuna kitu kinarithiwa. Wengine kinawapita, mimi hakikunipita. Nikifurahi, furaha ya kweli, nageuka mbwa mwitu. Na nikishakuwa hivyo simjui mtu."

"Ulikuwa unacheka kutwa!"

"Kucheka si kufurahi. Nilikuwa nacheka tu. Siku ya posa ndiyo nilifurahi. Nikashindwa kuwasubiri wazee, nikatangulia kwenu. Mama yako akafungua mlango." Sauti ikakatika kidogo. "Mwangalie mkono wake. Siku hizi nafanya kazi kwenye ghala la barafu. Hakuna mtu aliyewahi kufurahi ndani ya jokofu."

Jioni Daktari alimkuta mama yake jikoni akikata vitunguu, mikono mirefu ya blauzi imefungwa vifungo kama kawaida yake. Hakusalimu. Akaushika mkono wa kushoto, akapandisha nguo mpaka kwenye kiwiko. Kovu lile waliambiwa ni la mbwa wa mtaani. Mara ngapi alilipaka mafuta? Safari hii alilitazama kwa macho ya kazi yake, akaona nafasi pale ambapo meno mawili ya mbele yalikuwa yameachana.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mama, uliniambia ameoa."

Mama akaweka kisu chini. "Nikwambie nini, mwanangu? Kwamba mchumba wako kaninyofoa nyama nikiwa nimebeba trei ya soda za wageni wake, wewe ukiwa bado saluni na baba yako sokoni?"

"Ungeniambia ukweli!"

"Ungemfuata. Nakujua, nilikuzaa." Akajifuta macho, na vitunguu vilipata lawama isiyokuwa yao. "Nilimbamizia mlango nikajifungia, na baadaye alirudi kuwa mtu. Nilimkuta barazani, uchi, analia kuliko mimi niliyeumwa. Nikampa suruali ya baba yako. Nikamwambia, kama unampenda, potea. Wazee wake nikawarudisha njiani. Nilidhani hataweza, vijana wa siku hizi hawana msimamo. Akaweza."

"Na mimi nikakaa miaka yote hii nikijiona takataka."

"Lakini uzima unao," mama alisema, akachukua kisu chake. Hakuomba radhi, na Daktari hakulala kwa hasira.

Hasira haikuzuia simu. Kesho yake alipiga yeye, na kesho kutwa, na wakaanza tena mapenzi kwa namna ambayo sidhani kama kuna wapenzi wengine waliwahi kuijaribu. Daktari alijifunza kusema maneno matamu kwa sauti ya kutoa rambirambi.

"Nimekukumbuka," alisema siku moja, kama anayetangaza kukatika kwa maji.

"Punguza."

"Nimekukumbuka kidogo, mchana tu."

"Hapo sawa. Umevaa nini?"

"Gauni jekundu."

"Kipusa!"

"Limechanika kwapani."

"Afadhali." Akapumua. "Lakini jekundu lile la kubana?"

"Usinichokoze, utajiumiza mwenyewe. Fikiria jokofu."

"Nipo ndani ya jokofu. Halisaidii."

Wakicheka, walicheka kwa uoga, na mara kwa mara simu ilikatika ghafla, Daktari akabaki ameshika kitu kikavu sikioni. Mwanamke mwingine angenuna. Yeye alijua kwamba kila simu iliyokatika ilikuwa busu.

Kicheko hakuacha habari ya meno. Ng'oa, alisema, nikae na wewe nikiwa kibogoyo, nikigeuka nisiwe na cha kukung'atia. Daktari akajibu kwamba kwanza anataka kukiona hicho kitu. Je, kama kinamjua? Kilimng'ata mama, mama kilikuwa hakimpendi. Kwa huyu aliyependwa huenda kingelala miguuni. Alisema hivyo kwa sauti ya kazi, lakini moyoni aliliamini kabisa, na Kicheko naye, maskini, akaliamini.

Kliniki ilikuwa na chumba cha eksirei, mlango wake una bamba la madini ya risasi ndani la kuzuia mionzi, na kidirisha cha kioo kinene. Jumamosi mchana, wenzake walipokwisha kufunga, Daktari alimwingiza humo. Akatoa mashine kwenye kona, akafunga kwa ufunguo, akasimama kidirishani. Alikuwa amevaa lile jekundu, na halikuchanika popote.

"Uko tayari?"

"Ukiona sikujui, usikae. Nenda nyumbani."

"Nakupenda," alisema Daktari, na kwa mara ya kwanza hakuipunguza sauti. "Sijawahi kumpenda mtu mwingine. Nilijaribu, nikashindwa. Nioe."

Aliona furaha ikimpanda, na safari hii mwenyewe hakuizuia. Alicheka. Kilikuwa kile kicheko cha zamani cha nyuma ya duka la vitabu, kizima, na Daktari akalia kukisikia. Kisha mgongo ukavunjika kwa sauti ya kuni, nguo zikachanika, na alipoinuka alikuwa ameinuka kwa miguu minne, mkubwa, wa kijivu, mbavu zimetokeza.

"Kicheko. Ni mimi."

Mbwa mwitu akageuza kichwa, akamtazama, akaja taratibu mpaka kwenye kioo, na Daktari akaweka kiganja chake hapo. Mnyama akarukia kile kiganja. Damu ya ufizi wake ikapaka kioo, akaruka tena, na tena, macho hayana kitu ndani isipokuwa njaa. Daktari aliita jina la utani, akaita jina la marehemu baba yake, akamwimbia. Hakuondoka. Ilichukua muda mrefu furaha ile kuisha.

Baadaye sauti ya mtu ikatoka sakafuni, chini ya kidirisha. "Nilikujua?"

Uongo ulikuwa rahisi, ulikuwa umekaa tayari kwenye ulimi. Lakini angemdanganya, kesho yake wangelala chumba kimoja.

"Hapana," alisema. "Hukunijua. Ulitaka kunila."

"Basi ng'oa. Ukikataa, narudi barafuni, hunioni tena."

"Nikikung'oa meno utabaki na kucha. Nikitoa kucha utabaki na uzito. Nitakung'oa mpaka nibakiwe na nini?"

"Tutaishije, Kipusa? Kila siku nijizuie kufurahi na wewe uko mbele yangu?"

"Kuna watu wangapi wameoana na hawajafurahi tangu harusi? Na wanaishi, wanalipa kodi ya nyumba. Sisi angalau tutakuwa na sababu. Furaha ikikuzidi, utakuwa na chumba chako, mimi nje, nasubiri."

"Hayo si maisha."

"Miaka kumi na mitatu iliyopita ndiyo yalikuwa maisha?"

Daktari akafungua mlango akiwa na shuka la wagonjwa mkononi, akamfunika, na wakakaa sakafuni wakiongelea kifo cha baba mpaka hatari ilipopita.

Harusi ilifanyika nyumbani, sebuleni, karibu na stoo iliyowekwa mlango wa chuma. Fundi alishangaa kuambiwa komeo likae nje, lakini alilipwa, akaondoka. Waalikwa walikuwa mama na mpokezi. Mfungishaji ndoa alikuja na muhuri wake na haraka zake. Bibi harusi alivaa nyeupe isiyo na nakshi. Bwana harusi alivaa suti ya kijivu iliyompwaya mabegani, akatazama zulia muda wote, midomo ikimchezacheza. Mpokezi alidhani anasali. Alikuwa anajihesabia misiba.

"Nakubali," alisema Kicheko kwa zulia.

"Nakubali," alisema Daktari, akimwangalia.

Kicheko akasimama. "Samahanini," alisema kwa adabu, akaingia stoo. Daktari akapiga komeo.

Mfungishaji ndoa akashusha kalamu. "Bwana harusi anaumwa?"

"Amefurahi, mheshimiwa," alisema mama, akamsogezea chupa kwa mkono wenye kovu. "Kunywa soda." Halafu kucha zikaanza kukwaruza chuma, na mpokezi akakumbuka ana safari, na mfungishaji ndoa akakumbuka anayo pia.

Mama ndiye aliyebaki. "Mwanangu, usikae hapo chini. Utachafua gauni."

"Hapa ndipo kwangu, Mama."

Mama akaleta mto, akauweka nyuma ya mgongo wa binti yake, akaenda jikoni kulia peke yake.

Mlango ulitikisika mpaka jua lilipoanza kushuka. Kisha ukatulia. Daktari akasikia mtu akihema kwa taabu upande wa pili.

"Kipusa? Uko hapo?"

"Nipo."

"Nimekuumiza?"

"Hata kidogo."

"Basi fungua. Imekwisha. Njoo tukae, tuhuzunike kidogo pamoja."

Daktari akashika komeo. Alimtaka mikononi mwake. Tangu ujana hakutaka kitu kingine. Angeweza kumpata sasa hivi, mtu mzima, mpole, asiye na furaha, na kesho, na siku zote walizobakiwa nazo.

"Ulifurahi, mume wangu?"

"Sana. Sijawahi."

Akaliachia komeo likiwa bado limefungwa. Akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Kesho tutahuzunika," alisema. "Leo ni harusi yako. Furahi tena. Nakupenda."

Akasikia kicheko kikianza, kikivunjika katikati, na uzito wote ukaujia mlango mahali alipokuwa ameegemeza shavu lake.