Ubao wa Mvua wa Gatsata

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Athanasie alifagia ua, akawapa kuku maji, kisha akasimama kidogo mlangoni kutazama barabara. Nyumba yao ilikuwa Gatsata, kwenye mteremko ulio juu ya mto Nyabugogo, na baba yake alikuwa fundi wa magari. Kutoka pale mlangoni aliweza kuona karakana za mafundi, bonde la wafyatua matofali, na njia panda ya kuelekea darajani. Siku hizi hakupenda kuitazama ile njia panda, lakini macho yake yalikwenda huko yenyewe.

Hapo palikuwa na ubao mweusi uliopigiliwa kwenye nguzo mbili. Na mbele ya ubao, kila asubuhi, alikuwa Générose na chaki yake.

Mwalimu Évode ndiye aliyeuweka ubao huo, mwanzoni mwa masika ya mwaka 1991. Mwaka huo redio ilikuwa na habari nyingi nzito, na watu wazima walizisikiliza wakiwa wamenyamaza. Ilipofika zamu ya hali ya hewa, mazungumzo yalianza upya na hakuna aliyesikia kitu. Basi Mwalimu Évode akaamua kwamba taarifa za mvua ziandikwe mahali ambapo kila mpita njia angeziona.

Siku ya kuchagua mwandishi, aliwauliza wanafunzi wa darasa la sita swali moja. "Redio ikisema mvua kubwa zitanyesha kaskazini na katikati ya nchi, hapa Gatsata maana yake ni nini?"

Athanasie ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani tangu darasa la tatu. Alinyoosha mkono, akaeleza vizuri jinsi mvuke unavyopanda na mawingu yanavyofanyika. Mwalimu akamshukuru. Ndipo Générose, binti wa muuza maparachichi aliyekaa benchi la nyuma, akasema taratibu, "Maana yake maji ya mlima Jali yatashuka kwa njia ya karakana, mwalimu. Yatafika bondeni kabla mvua haijakolea huku kwetu. Wafyatua matofali ndio watakaoyapata kwanza."

"Huyo ndiye mwandishi wetu," Mwalimu Évode akasema.

Tangu siku hiyo wivu ulimkaa Athanasie kama mwiba wa samaki kooni. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa Générose. Redio ilikuwa nyumbani kwao, si kwa akina Générose. Sasa wanawake waliotoka sokoni walimsalimia Générose kwa jina, na wazee wasiojua kusoma walimwomba awasomee. Mama yake Athanasie mwenyewe alisema jioni moja wakila, "Yule mtoto wa muuza maparachichi ana akili." Athanasie alisukuma sahani yake, akasema ameshiba.

Alhamisi moja ya mwezi wa Aprili, ubao ulisomeka hivi: KESHO IJUMAA ALASIRI, MVUA KUBWA NA UPEPO. MAJI YATAPITA NJIA YA KARAKANA. WALIO BONDENI WAHAMISHE WATOTO NA VITU.

Asubuhi hiyo Mwalimu Évode aliwaambia wanafunzi, "Redio yangu imeishiwa betri. Athanasie, nyumbani kwenu kuna redio. Sikiliza taarifa ya mchana. Ikibadilika, mwambie Générose aandike upya."

"Ndiyo, mwalimu," Athanasie akajibu. Moyoni alijisemea: hata mimi nimefanywa mtumishi wake.

Mchana alikula viazi vitamu na maharage karibu na redio. Mama alikuwa nje akianika nguo. Mtangazaji alipofika kwenye hali ya hewa, alisema kwamba mvua zilizotarajiwa kesho zimewahi. Zingeanza leo, saa tisa alasiri, zikiwa na upepo mkali, na wakazi wa mabondeni walitakiwa kuhama mapema.

Athanasie aliacha kutafuna. Kutoka pale hadi nyumbani kwa Générose ulikuwa mwendo wa dakika tano. Alisimama, akavaa ndala. Kisha wazo likamjia, likamtekenya: kama mvua itanyesha leo huku ubao unasema kesho, watu watasema nini juu ya mwandishi wao? Watasema hajui. Watasema mwalimu alikosea kumchagua.

Alivua ndala, akakaa tena. Mvua ni mvua tu, alijiambia. Wataloa kidogo, basi.

Masomo ya alasiri yalianza saa nane. Mwalimu alikuwa ameanza tu somo la jiografia, Générose alipoinua mkono. Alikuwa akitazama dirishani.

"Mwalimu, juu ya Jali kumekuwa kweusi sana. Lakini ubao unasema kesho."

Mwalimu Évode alikwenda dirishani, akatazama, akageuka. "Athanasie, taarifa ya mchana ilisemaje?"

Darasa zima lilimtazama. Alitazama daftari lake. "Sikuisikia, mwalimu. Mama alikuwa amezima redio."

Uongo huo ulitoka kwa urahisi kiasi cha kumshangaza yeye mwenyewe. Générose alishusha macho, akawa anakuna wino kwenye kidole chake. Alionekana mwenye hofu, na Athanasie alifurahi. Furaha hiyo haikudumu hata dakika moja, kwa sababu naye alitazama dirishani, akaona bonde.

Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Walikuwa wameusoma ubao. Kwa kuwa mvua ilikuwa ya kesho, kila mtu alishuka leo kuokoa matofali yake. Wengine waliyabeba kichwani, wengine waliyafunika kwa majani ya migomba. Mwisho kabisa wa bonde, karibu na mfereji, alimwona mama aliyevaa kitenge cha njano. Huyo alikuwa Mukantwari, mjane aliyefyatua matofali na kulala palepale na wanawe wawili, katika kibanda cha udongo.

Athanasie alisimama.

"Mwalimu, nimesema uongo. Nimeisikia taarifa. Mvua ni leo, saa tisa. Nilinyamaza."

Mwalimu Évode hakumgombeza. Hakukuwa na muda. Alitazama saa yake, akawatuma wanafunzi wawili wakawaambie mafundi wa karakana, na wengine wote akawaamuru wabaki darasani. Kisha akasema, "Générose, unazijua njia za bondeni, njoo unionyeshe. Na wewe, Athanasie, njoo. Utayasema hayo kwa mdomo wako."

Waliteremka mbio. Générose alitangulia, akikanyaga kingo kavu kati ya mashimo ya udongo bila kukosea hata hatua moja. Mwalimu alipaza sauti kila walipopita, na watu wakaanza kutupa mizigo na kupanda mteremko. Mukantwari peke yake hakuinua mgongo.

"Ubao umesema kesho," alisema. "Asubuhi Générose huyu huyu amenisomea. Nikiacha sasa, matofali ya miezi miwili yatakwenda."

"Ubao umekosea kwa sababu yangu, mama," Athanasie alisema. Pumzi ilimwishia. "Générose hakuambiwa. Nilisikia mchana kwamba ni leo, nikaficha."

Mukantwari alimtazama usoni, kisha akatazama mlima. Juu ya Jali mvua ilikuwa imekwisha kushuka, nyeupe kama pazia. Aliangusha tofali alilolishika, akakimbilia kibandani. Alimwinua mwanawe mdogo aliyekuwa amelala ndani, akamfunga mgongoni. Mwalimu alimbeba yule mkubwa begani, Générose akachukua sufuria na blanketi, na Athanasie akamshika mjane mkono pale kwenye utelezi.

Hawakuwa wamefika mbali waliposikia mngurumo nyuma yao. Maji ya rangi ya kahawia yalishuka kwa njia ya karakana, yakibeba matawi na mabati, kama Générose alivyosema siku ile darasani. Yalijaza mfereji, yakapanda kingo, yakaingia kwenye safu za matofali. Kibanda cha Mukantwari kilisimama kidogo, kisha ukuta mmoja ukaanguka, na paa likafuata.

Hakuna aliyekufa siku hiyo. Lakini matofali yote mabichi ya bondeni yaligeuka tope, na mzee mmoja alivunjika mkono akikimbia.

Watu walijikinga mvua katika karakana. Générose alikuja kusimama karibu na Athanasie, nguo zikimchuruzika maji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ukosee," Athanasie akajibu. "Nilitaka watu wakucheke."

Générose alimgeuzia mgongo. Alihamia upande mwingine, akakaa peke yake juu ya tairi.

Usiku huo Mukantwari na wanawe walilala nyumbani kwa akina Athanasie, na Athanasie akawaeleza wazazi wake yote. Baba yake alisema jambo moja tu: ulichoharibu, utasaidia kukijenga. Kila Jumamosi Athanasie alishuka bondeni, akakanyaga udongo, akajaza kalibu ya mbao ya kufyatulia tofali, akaipindua, akaanza tena. Viganja vilimchubuka. Jumamosi ya kwanza Générose alipita juu barabarani bila kusalimia. Ya pili alisalimia. Ya tatu alishuka na ndoo ya maji, akapiga magoti upande wa pili wa rundo la udongo, akaanza kukanda.

Walikuwa wamekanda nusu ya rundo Athanasie aliposema, "Bado nakuonea wivu mara nyingine."

"Najua," Générose akasema. "Mimi nilikuonea wivu tangu darasa la tatu."

Mukantwari aliyasikia hayo. Aliweka kalibu chini, akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Wivu huja wenyewe, kama njaa, na hakuna mtu ambaye haujawahi kumbishia hodi. Usikubali tu ukufunge mdomo. Habari ya hatari si mali ya aliyeisikia, wala ya aliyeiandika. Ni mali ya yule ambaye maji yatamfikia. Ukiificha ili umkomoe mwenzako, humkomoi yeye. Unamzamisha mtu ambaye hata hukumfikiria. Siku ile hukunifikiria mimi, Athanasie. Lakini ulisimama ukasema kweli ingawa darasa zima lilikuwa likikutazama, na wanangu wako hai. Yote mawili ni yako. Usisahau hata moja."