Kamba ya Bluu na Alama za Chuo

Jumatatu asubuhi alama za wanafunzi wa chuo kimoja cha Bukavu zilikutwa zimevurugika: wa sheria wana alama za kilimo, wa kilimo hawana kitu. Kabla ya saa nne polisi walishamchukua Chrispin, mtunza mashine za kompyuta, nyumbani kwake mtaani Kadutu, mbele ya watoto wake. Saa sita angepelekwa parquet, kwa mwendesha mashtaka. Rekta, yaani mkuu wa chuo, Abbé Bisimwa, akamwita Elodie, mtaalamu wa kompyuta ambaye maswali hayamwishi mdomoni.

"Ni Chrispin," alisema Papa Placide, mkuu wa idara ya kompyuta. "Mot de passe ya kufungua mashine tuko nayo sisi babili tu. Tangu Alhamisi mpaka jana alikuwa kwenye kilio kule Luberizi. Alifanyia huko mbali, na ordinateur yake ya mukononi."

"Mwizi anafuta, ao anaiba," alisema Elodie. "Huyu alichanganya. Juu ya nini?"

Basi hapo ndipo hamu ilipomshika kweli, akaomba ufunguo wa chumba cha mashine, wakaingia wote watatu.

Chumbani mlikuwa na mashine mbili zinazotumia kabati moja la diski. Kila mashine ina kamba mbili: ya bluu inakwenda kwenye mtandao wa chuo, nyeusi inakwenda kwenye kabati. Ndani ya kabati kila kazi imekatiwa sehemu yake kama shamba la urithi, na sharti ni moja: sehemu moja iandikwe na mashine moja tu kwa wakati mmoja.

"Kufuli ya kuzuia mashine ya pili isiingie iko wapi?" aliuliza Elodie.

"Niliitosha, niliiondoa kabisa," alisema Placide. "Kila mara umeme ukikatika, ukirudi, ile kufuli inagoma. Batu banalalamika."

Elodie akafungua skrini ya kwanza: serveur ya alama, ile programu inayozitunza, inafanya kazi. Akafungua ya pili: serveur ile ile, nayo inafanya kazi. Yesu Maria! Mafahali wawili zizi moja! Kila mmoja alikuwa akiandika juu ya maandishi ya mwenzake.

Akazunguka nyuma. Kamba ya bluu ya mashine ya kwanza ilikuwa inaning'inia.

"Kumbe! Mutu alichomoa hii, akafikiri mashine imekufa, akawasha ya pili. Lakini nyeusi iko mahali pake. Ya kwanza iliendelea kupiga hesabu kimya kimya." Akamgeukia Placide. "Papa, toka Luberizi mutu anaweza kuandika. Kuchomoa kamba, hapana."

Abbé Bisimwa akashika kichwa. "Placide! Ijumaa, mbele ya wageni, ulichomoa kamba. Ulituambia mashine moja ikikufa, ingine inashika kazi. Tukakupigia makofi!"

Placide akakaa sakafuni.

"Bale wageni balikuwa batupatie mashine mpya," alisema. "Leo niliona ma-points imeharibika, nikaogopa kupoteza kazi. Jina la Chrispin njo lilikuja mu kinywa."

Elodie akazima mashine moja. Alama zingerudishwa kwa nakala ya Alhamisi. Rekta akapiga simu polisi, na kabla ya saa sita Chrispin akaletwa, shati limechanika kolani.

"Unisamehe, ndugu yangu," alisema Placide. "Nitaandika barua, nitaeleza yote."

Chrispin akamsogelea.

"Barua ya nini? Batoto bangu baliona polisi bananifunga. Tutapanda wote Kadutu sasa hivi, ubaambie kwa kinywa yako ni nani aliharibu."

Placide alimtazama Rekta. Rekta akamfungulia mlango.