Utani wa Kichanjani

Mimi ni Nathanaeli, mwana wa Emanueli, mwana wa Nsajigwa. Nsajigwa alikuwa miongoni mwa waliotangulia kupanda kahawa kitongojini kwetu, Iyula. Emanueli alikuwa mzee wa kanisa miaka thelathini, wala hakuitwa barazani hata mara moja kujibu shtaka. Nayataja hayo ili mjue kwamba anayekiri kosa hapa si mtu wa kuropoka.

Mjukuu wangu Lusubilo alimleta mchumba wake, Witness, siku tuliyokuwa tukichambua kahawa. Mama yake ni Mnamwanga wa Tunduma. Baba yake ni Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini humo. Binti aliinama pamoja na wanawake kwenye kichanja tulichoanikia kahawa, akaanza kutoa punje mbovu bila kuagizwa. Nami, kwa kuwa kwetu babu humtania mke wa mjukuu na wao huitana mume na mke, nikamtazama binti, nikasema kwa sauti:

— Lusubilo, kahawa hii umeiloweka siku ngapi hata ikapauka hivi? Na Wahindi hushika jembe, au huketi tu nyuma ya kaunta?

Watu kumi na wawili wakacheka. Lusubilo naye akacheka. Witness akamaliza punje zilizokuwa mkononi, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Jioni Lusubilo alipokea ujumbe: "Nimefika. Mwambie mshenga asije Jumamosi." Akampigia simu palepale, maneno yao alinieleza baadaye.

— Witness, babu alikuwa anatania.

— Nilimsikia. Na wewe nilikusikia ukicheka.

— Nimekosa. Nisamehe. Kesho nitamkabili, atanitambua.

— Usimfokee, ni babu yako. Lakini usipomwambia, siolewi katika nyumba hiyo.

Asubuhi alinikuta nikigeuza kahawa juani.

— Shikamoo, babu.

— Marahaba. Mbona umekunja uso?

— Nina neno. Nimeona nikueleze tukiwa wawili, nawe unirekebishe nikikosea.

— Sema.

— Jana ulipouliza kama Wahindi hushika jembe, ulikusudia nini?

— Ule ni utani, kijana. Umeukuta hapa.

— Najua hukukusudia kumuumiza. Lakini wakati unauliza, alikuwa ameinamia kahawa yako.

— Kwa hiyo babu yako ni mbaguzi? Mimi niliyeishi na kila kabila?

— Sikukuita hivyo. Nasema maneno yale yalimchoma. Nami niliyacheka, kwa hiyo nimeanza kwa kumwomba radhi mimi. Babu, ukimtania dada yangu Fides, anakujibu mpaka unatafuta fimbo uondoke. Witness angekujibu nini, mgeni, mbele ya watu kumi na wawili?

Niligeuza kahawa ileile mara tatu. Angalinifokea, ningalimfukuza, na hasira ingalinipa mahali pa kujificha.

— Mpigie, nikamwambia. Unipe hiyo simu.

Witness alipopokea, nikasimama wima kana kwamba ananiona.

— Binti, ni Nathanaeli. Nilikutukana nikidhani nakutania. Nisamehe.

— Asante, babu, nimekusikia. Lakini ulisema mbele ya watu.

— Basi njoo Ijumaa. Watakuwapo walewale.

Ijumaa nilivua kofia kando ya kichanja, nikayarudia maneno yangu yote, nikasema yalikuwa maovu. Dada yangu Restuta akaguna:

— Mzee mzima anamwomba radhi mtoto?

— Aliyekosa ni mzee, Restuta, nikamjibu. Ulitaka nani aombe?

Witness akachagua punje moja iliyosinyaa, akaninyooshea.

— Mume wangu, hii imezeeka kichanjani, haina hata harufu. Niitupe, au nikuwekee upate mwenzako?

Restuta ndiye aliyecheka wa kwanza. Nami nilicheka hata nikakaa chini, maana sasa utani ulikuwa na watu wawili.

Jumamosi mshenga alifika. Ndoa ilifungwa baada ya mavuno, na baba yake Witness alikaa kiti kilicho karibu na changu.

Ninyi vijana, nawaagiza: mkisikia neno la namna ile, msicheke ili kumridhisha msemaji. Mfuateni akiwa peke yake, mwulizeni alikusudia nini, mwelezeni lilimchoma nani. Mvi zake zisiwafunge midomo, wala hasira zenu zisimpe pa kukimbilia. Nimesema, na ninataka mlishike.