Nondo Zilizoelea

Ndugu mnaojenga, nanyi mnaopanga kujenga, nisikilizeni kidogo. Asubuhi moja kisiwani kwetu, kaskazini mwa Norwei, bahari ilikuwa shwari, na Torleiv na mkewe Eldrid walikuwa wakinywa kahawa nje ya karavani yao, kijumba cha magurudumu. Nyumba yao ya zamani ilibomolewa baada ya chumvi kula nondo za msingi hadi kuta zikapasuka. Walitaka kuhamia mpya kabla binti yao Ragnfrid hajajifungua.

Nondo za safari hii hazikuwa za chuma. Zilikuwa nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa gundi ngumu, wala haziliwi na kutu. Torleiv, aliyefunga chuma miaka thelathini, alitupa kumi begani kwa mkono mmoja akamgeukia mkewe.

"Vijiti hivi ndivyo vitakavyobeba nyumba?"

"Mimi ningevianikia nguo tu," Eldrid akacheka.

Mchoro wa mhandisi, kwa kufuata kanuni za ujenzi, ulitaka kila nondo ifungwe chini kwa waya isiibuke ndani ya zege. Torleiv akasoma, akaguna.

"Iibuke iende wapi? Nimelaza nondo kabla huyo mhandisi hajaota meno."

"Si umesema mwenyewe ni nyepesi?"

"Mama Ragnfrid, wewe ongeza kahawa. Kazi niachie."

Hapo ndipo kiburi kilipoingia kwenye msingi ule, na mwenyewe hakukiona.

Zege likaja kwa lori lililovushwa na feri, likamwagwa. Torleiv alipozamisha mashine ya kulitetemesha, nondo zikaanza kupanda. Moja, ya pili, kisha safu nzima, taratibu, kama vitu vyenye uhai. Alikanyaga moja, nyingine ikachomoza nyuma yake. Dereva wa lori alizima injini akashuka kutazama. Miaka yote ile Torleiv hakuwahi kuona zege likitema nondo, na moyo wake ulijaa hofu na mshangao.

Akashika mwiko. Angepaka tabaka jembamba la zege juu, kesho limekauka, nani angejua?

"Usithubutu," Eldrid akasema polepole. "Ragnfrid atamlaza mwanawe juu ya hapo."

Torleiv aliuweka mwiko chini, akampigia mhandisi.

"Sikuzifunga. Zimeelea."

"Zege limeanza kushika?"

"Bado."

"Basi litoeni lote sasa hivi. Nakuja."

Walichota kwa makoleo hadi mchana, yeye, mkewe na dereva. Mjukuu alizaliwa nyumba haijaezekwa, akalala wiki sita karavanini. Torleiv alimwomba binti yake radhi, na waya za msingi wa pili alizifunga mwenyewe, moja moja, akiwa amepiga magoti.

Funzo

Kanuni ya ujenzi haikuandikwa ili kumkera fundi. Ujuzi wa chuma ni heshima kubwa, lakini nondo ya kioo ina tabia yake, na fundi wa miaka thelathini ni mgeni mbele yake. Soma kwanza. Na ukikosea, sema zege likiwa bado bichi.