Mashine Aliyoiacha Nyumbani

Umeme ulikatika mchana, lifti ikakwama katikati ya ghorofa, na watu waliokuwa ndani wakaanza kugonga mlango na kulaani. Fundi wa lifti alipofanikiwa kuufungua, walitoka wakisukumana. Akabaki mmoja pembeni, binti wa gauni la kijani kibichi, kichwa kaegemeza ukutani, mkoba kaukumbatia, amelala fofofo.

"Dada, umefika," fundi alimwambia taratibu.

Binti akafumbua macho, akaona sare ya bluu yenye madoa ya grisi na tabasamu pana, akatamani ardhi ipasuke immeze. Fundi akamuuliza kama kwao hakuna kitanda. Binti akacheka, akasema alikesha kwenye sherehe.

Hakukuwa na sherehe. Usiku uliopita pia umeme ulikatika, naye, muuza miwani wa duka la ghorofa ya tatu, alikuwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Kila usiku alilala na barakoa puani, imeungwa kwa mrija na mashine ndogo iliyomsukumia hewa. Bila mashine alikoroma mpaka jirani akagonga ukuta, na kesho yake alisinzia popote. Mwanamke kukoroma; aibu hiyo alijiapiza kufa nayo.

Tangu siku ile fundi alipata maradhi ya macho yasiyoisha. Alikuja kupimwa, akaja kukaza skrubu, akaja kuulizia miwani ya jua siku ya mvua. Wenzake binti dukani wakawa wakimwona tu wanasema mgonjwa wako huyo. Mapenzi yakakolea, simu zikawa hazikatiki mpaka masikio yapate moto.

"Leo usikate," fundi alimwomba usiku mmoja. "Tulale simu ikiwa wazi, nisikie unavyopumua."

"Salio litaisha."

"Liishe."

"Lala, mume wangu mtarajiwa," alimtania, akakata, akavaa barakoa yake. Asubuhi alipaka poda juu ya alama za mikanda ya barakoa mashavuni.

Kisha mama yake fundi akamwita, aje akae nao siku mbili wajuane. Binti aliipakia mashine kwenye begi, akaitoa, akaipakia tena. Akakumbuka kwamba atalala chumba kimoja na dada yake fundi. Mashine ikabaki nyumbani. Usiku kucha alijifinya mapaja asije akapitiwa na kukoroma.

Asubuhi, mama akamketisha sebuleni. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliamua kumsimulia mkwe wake jinsi mumewe alivyofariki. Aliponyanyua uso kufuta machozi, binti alikuwa amelala, kidevu kifuani.

Fundi alipiga simu jioni ya siku binti alipoondoka.

"Mama hajala tangu jana. Anasema umemdharau yeye na marehemu wake. Nipe neno nimwambie."

"Nilichoka tu."

"Ulichoka na mama yangu?"

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akajiona na ule mrija usoni kama tembo na mkonga wake, na fundi akimtazama.

"Nisamehe," alisema.

"Sikukuomba msamaha. Nimekuomba sababu."

Hakumpa. Baada ya muda akasikia fundi amehamishiwa tawi la mji mwingine.

Miwani ikauzwa, mvua zikapita. Siku moja dada yake fundi aliingia dukani kumnunulia mama miwani ya kusomea. Kwa mazoea akamwita wifi, kisha akajiuma mdomo. Kaka yake alikwisha oa, mkewe mjamzito. Binti akapongeza, akafuta lenzi iliyokuwa safi. Ndipo akauliza alichokuwa na haya ya kukiuliza siku zote: mama alikuwa akisimulia nini hasa?

"Habari za baba. Alikuwa akikoroma, pumzi inakatika, mama anamtikisa inarudi. Miaka yote hivyo. Safari moja mama akaenda kuuguza mtu, hakukuwa na wa kumtikisa."

Muuza miwani akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema yote. Dada mtu alimshika mashavu, akazigusa zile alama.

"Wewe mtoto," alisema. "Mama angekufunga hiyo mikanda kwa mikono yake."

Jioni simu ikaita. Namba alikwisha ifuta, lakini aliijua kwa moyo.

"Dada kaniambia," fundi alisema. "Unalala vizuri siku hizi?"

"Kulala nalala. Kazi ni kuamka."

"Ungeniambia."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," alisema. "Halafu ningekuoa."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikaita kwamba chakula kinapoa. Ikaita tena, kwa upendo, bila kushuku lolote.

"Nenda," muuza miwani alimwambia. "Mwenzio anakuita."